Mgeni Mwenye Taarifa: Waambata wa Polisi na Pwani ya Tanga



Desemba 1881, nahodha wa Kiingereza aitwaye Charles Brownrigg aliuawa baharini karibu na Pemba. Alikuwa mkuu wa HMS London, manowari kuukuu iliyotia nanga bandarini Unguja kwa miaka karibu 10 ikiwa kituo cha doria dhidi ya biashara ya watumwa. Siku ile alikuwa katika chombo kidogo na mabaharia wachache, wakaliona jahazi linapeperusha bendera ya Ufaransa. Mwingereza hakuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera hiyo. Aliruhusiwa kuuliza karatasi zake tu. Basi Brownrigg akalisogelea kama mtu anayekwenda kuuliza karatasi, bila kuwaweka watu wake tayari kwa vita. Waliokuwa jahazini wakawarukia. Ndani ya jahazi mlikuwa na watumwa.

Nimeombwa kuzungumzia waambata wa polisi, yaani askari wanaokaa nje ya nchi zao ili kushirikiana na polisi wa nchi wenyeji, na nimeanza mbali makusudi. Tukisikia ushirikiano wa kimataifa wa polisi tunadhani ni mambo yaliyokuja na ndege na kompyuta. Mambo yanayowasumbua maofisa hao leo yote yalikuwapo siku ile Pemba: bendera ya nani, ruhusa ya nani, taarifa imetoka kwa nani, na baada ya kukamata, nani atahukumu.

Hata mwambata mwenyewe tulishakuwa naye. Konseli wa Uingereza Unguja, John Kirk, alikuwa na macho na masikio kila bandari. Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe kwa bahari. Biashara haikufa, ilihama. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kwa hiyo Pemba ilihitaji mikono. Watu waliokuwa wakipakiwa Kilwa sasa walitembezwa kwa miguu kando ya pwani, siku baada ya siku, hadi Pangani na vijiji vya huku kwetu, kisha wakavushwa mkondo kwenda Pemba. Konseli akamtuma msaidizi wake, Frederic Elton, akaipite njia hiyo ya pwani na kuhesabu misafara kwa macho yake. Barghash akatoa amri nyingine mwaka 1876 kupiga marufuku misafara ya bara.

Mimi ni mwanasheria, siyo mwanahistoria, lakini naomba mlitazame jambo hili kwa jicho la upelelezi. Mgeni aliyekaa Unguja alikuwa na taarifa nyingi kuliko liwali wa Pangani. Alizitumia kwa malengo ya serikali yake, na malengo hayo mara nyingine yalikuwa mema kwetu na mara nyingine yalifungua mlango wa mambo mengine tuliyoyaona miaka michache baadaye, Wazungu walipogawana pwani hii na kuchora mpaka kati ya Jasini na Vanga. Ugomvi wa bendera uliomponza Brownrigg nao uliendelea hadi ukafika The Hague, ambako mwaka 1905 mahakama ya usuluhishi iliamua kesi ya majahazi ya Oman, mengi ya watu wa Sur, yaliyokuwa yakipewa bendera ya Ufaransa. Majaji walisema kila dola ina haki ya kuamua nani apeperushe bendera yake, isipokuwa pale ilipojifunga yenyewe kwa mkataba.

Tuje sasa kwenye unga.

Machi 2010, hapa mkoani Tanga, polisi walikamata takriban kilo 95 za heroini, na miongoni mwa waliotiwa mbaroni walikuwamo Watanzania na raia wa Iran. Mpaka wakati huo wengi wetu tulijua habari za punda, yaani vijana wanaomeza pipi na kupanda ndege. Kilo 95 hazimezwi. Zilionyesha kwamba mzigo ulikuwa unakuja kwa bahari. Januari 2012 zikakamatwa kilo 210 mkoani Lindi. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ikakuta kilo 1,032 ndani ya jahazi moja nje ya Mombasa. Na Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa.

Njia yenyewe wavuvi wanaifahamu vizuri kuliko mimi. Unga unatoka Afghanistan, unashuka hadi pwani ya Makran inayogawanywa na Iran na Pakistan, unapakiwa kwenye majahazi ya injini yenye sura ya vyombo vya uvuvi, na kaskazi inausukuma kusini. Jahazi kubwa halisogei ufukweni. Linasubiri mbali, boti za faiba zinalifuata usiku, na mzigo unashushwa kwenye bandari bubu. Kutoka Jasini na Moa hadi Kigombe, Pangani, Kipumbwi na Mkwaja bandari bubu hazihesabiki, na sehemu kubwa ya zinachopokea ni sukari, mchele, mafuta ya kupikia, mbuzi wa Pemba na abiria wasiotaka kulipa nauli ya meli. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa askari. Usiku wa manane, boti yenye sukari ya magendo na boti yenye heroini zinafanana kila kitu, hata woga wa waliomo ndani.

Kwa hiyo anayejua tofauti ni yule aliyesikia habari kabla mzigo haujapakiwa. Huyo mara nyingi hayupo Tanga wala Dar es Salaam. Anakaa kwenye chumba fulani cha ubalozi, na ofisi yake ya nyumbani imesikiliza simu ya setilaiti au imezungumza na mtu kule Makran.

Mwambata wa polisi ni ofisa anayepangiwa kazi katika ubalozi wa nchi yake. Uingereza inao wa wakala wake wa kupambana na uhalifu, NCA. Marekani ina watu wa DEA kwa dawa za kulevya na wa FBI kwa makosa mengine. Ujerumani ina wa BKA. Hawana pingu. Hawawezi kukamata, kupekua wala kumwita mtu kituoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 juu ya dawa za kulevya, ibara ya 2, unakataza nchi mwanachama kufanya ndani ya nchi nyingine kazi ambazo sheria ya huko imeziacha kwa mamlaka za huko peke yake. Mkataba wa Palermo wa 2000 juu ya magenge ya uhalifu unaovuka mipaka, ibara ya 27, unahimiza nchi zipelekeane maofisa wa aina hii kwa makubaliano. Kati ya ibara hizo mbili ndimo mwambata anamoishi: amekaribishwa sebuleni, jikoni haingii.

Kuna wanaomchanganya na Interpol. Interpol, iliyoanza 1923 na yenye makao makuu Lyon, haina askari wa kutumwa kukamata. Ni mtandao wa ofisi za polisi wa kila nchi. Ya kwetu ipo Dar es Salaam na waliomo ni askari wetu. Notisi nyekundu ni ombi la kutafuta mtu, siyo hati ya kumkamata, ingawa magazeti huiandika kana kwamba ni radi. Kwa upande wa kanda, wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda shirikisho lao, EAPCCO, Kampala mwaka 1998, na sekretarieti yake ni ofisi ya Interpol ya Nairobi. Mikutano ipo, maazimio yapo. Sitayazungumza sana.

Nizungumze zaidi juu ya kinachotokea taarifa ikishafika, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi hufia.

Tuseme mwambata anapiga simu Dar es Salaam: jahazi fulani, usiku fulani, mahali fulani kati ya Pangani na mpaka. Mkubwa wa Dar anampigia mkubwa wa Tanga. Askari wanavizia na mzigo unakamatwa. Mpaka hapo kila mtu anafurahi. Lakini mwambata hatapanda kizimbani kusema alijuaje. Akisema, mtoa habari wake atauawa au mtambo wake utajulikana. Taarifa aliyotoa ni ya kuwaamsha askari, haimfungi mtu. Inabidi ushahidi uzaliwe hapa, mikononi mwa askari wa hapa, kuanzia dakika ile ya ukamataji.

Na ushahidi wa dawa za kulevya ni kazi ya karani kuliko ya shujaa. Pakiti zinahesabiwa mbele ya shahidi huru, aghalabu balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa aliyeamshwa usingizini akaja na kanzu ya kulalia. Hati ya ukamataji mali inajazwa palepale, mtuhumiwa anasaini, shahidi anasaini. Kila pakiti inawekewa alama. Kituoni mtunza vielelezo anaandika saa aliyopokea na jina la aliyempa. Zinafungwa, zinapigwa lakiri, zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, zinapimwa uzito, sampuli inatolewa, kilichobaki kinafungwa tena. Kila mkono uliogusa lazima uonekane kwenye karatasi. Mahakama ya Rufani ililiweka jambo hili wazi katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, na tangu hapo mawakili wa utetezi wanaanzia hapo. Wana haki. Ikiwa pakiti zilikuwa 95 ufukweni na kwa Mkemia zikafika 94, au kama siku mbili hazina saini ya mtu, hakimu atajuaje kwamba unga ulioletwa mahakamani ndio ule wa boti? Ofisa wa ng'ambo mwenye mtambo wa mamilioni hawezi kuziba pengo la saini moja ya koplo.

Wapo watakaosema: basi wapelekeni huko huko Ulaya na Marekani wakahukumiwe. Hoja hii imeshika kasi tangu kesi ya Mombasa, nayo tuitazame kwa makini.

Novemba 2014 polisi wa Kenya waliwakamata Nyali, Mombasa, ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, pamoja na wenzao wawili, Mhindi na Mpakistani. Baba yao alikuwa ameuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000, na kwa miaka mingi jina la ukoo huo lilitajwa Mombasa kwa sauti ya chini. Safari hii DEA walikuwa wametuma watu waliojifanya wanunuzi wa magenge ya Colombia, na mzigo uliokabidhiwa kwao Nairobi ulikuwa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Shauri la kuwapeleka Marekani likaanza mahakamani. Likaahirishwa na kuahirishwa kwa zaidi ya miaka miwili. Januari 2017, shauri likiwa bado halijaamuliwa, serikali ya Kenya ikawakabidhi, wakapakiwa ndege hadi New York. Wakakiri makosa mwaka 2018, pamoja na kuwahonga maofisa wa Kenya. Baktash alipewa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Wengi pwani hii walishangilia, na mimi sitawalaumu. Mtu aliyemzika kijana wake kwa sindano hana subira na tarehe za kutajwa kesi. Lakini tazameni kilichobaki nyuma. Waliohongwa hawakupanda ndege. Mahakama ya Kenya ilionyeshwa kwamba inaweza kurukwa. Na mwambata aliyefanya kazi nzuri ya upelelezi aliishia kuthibitisha kwamba njia fupi inapatikana ukiwa na rafiki mwenye nguvu. Tanzania mwaka 2017 iliwapeleka Marekani watuhumiwa waliohusishwa na mzigo ule wa Lindi, mtu aliyefahamika kama Shkuba na wenzake, lakini wao walipitia Mahakama ya Kisutu kwanza. Ilichukua muda. Ilikuwa sawa kuchukua muda.

Njia fupi ina bei, na bei hiyo tayari imeshatajwa na majaji wa Afrika. Baada ya mabomu ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi, yaliyoua watu zaidi ya 200, mmoja wa waliotafutwa alikuwa Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa Zanzibar. Alikimbilia Cape Town, akaomba hifadhi kwa jina la uongo. Mwaka 1999 ofisa wa FBI aliyekuwa akipitia mafaili ya waomba hifadhi katika ofisi ya uhamiaji ya huko aliiona picha, akamtambua. Huo ni upelelezi wa hali ya juu: mtu mmoja, faili moja, jicho zuri. Akakamatwa Oktoba 5, na ndani ya siku mbili alikuwa njiani kwenda New York, ambako adhabu ya kifo ilikuwa inamsubiri.

Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kumkabidhi hivyo kulikuwa kinyume cha sheria. Afrika Kusini ilishaondoa adhabu ya kifo, na haikuwa na ruhusa ya kumtoa mtu akauawe kwingine bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa. Majaji hawakuwa na njia ya kumrudisha, ila waliagiza hukumu yao ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York. Wazee wa baraza kule hawakukubaliana juu ya kifo, akapata kifungo cha maisha. Kwa maneno mengine, aliadhibiwa, na serikali iliyomtoa nayo ikaambiwa na majaji wake wenyewe kwamba imevunja sheria. Nadhani kila askari wetu anayefanya kazi na waambata angepaswa kuisoma hukumu ile, hata kwa muhtasari.

Baharini mambo ni kinyume: huko hakuna haraka ya kumpeleka mtu popote. Meli za kivita za umoja wenye makao Bahrain zikikamata jahazi la heroini bahari kuu, mara nyingi unga humwagwa majini, jahazi na mabaharia huachiwa waende zao. Hakuna nchi iliyokubali kuwahukumu, au jahazi halina bendera inayotambulika. Sijui Brownrigg angesema nini akiona tumefika hapo. Kenya yenyewe, mwaka 2014, ililipua jahazi lililokutwa na mamia ya kilo, rais akishuhudia. Mlipuko uliopendeza kwenye televisheni.

Sasa nije kwenye neno langu hasa. Mwambata wa kigeni aliyepo kwetu analipwa na walipakodi wa Manchester, Hamburg au Chicago, na anafanya kazi kwa ajili ya mitaa yao. Hilo si kosa lake. Kilo ikipita Tanga kwenda Ulaya atatuambia. Kilo inayobaki hapa, inayouzwa kwa kete kwa vijana wa Tanga na Muheza, haina mlipakodi wa kigeni anayeisubiri. Wala wahamiaji wa Ethiopia wanaopitishwa njia za panya kuzunguka Horohoro, wakafungiwa kwenye nyumba za vichakani huko Mkinga, si jambo litakalomkosesha usingizi ofisa aliyetumwa kufuata unga.

Na watu wetu wanapokamatwa ng'ambo, nani anatuletea habari? Kwa miaka kadhaa Watanzania wengi walikuwa wakifungwa Hong Kong kwa kubeba unga. Aliyefungua macho ya watu alikuwa padri, John Wotherspoon, Mwaustralia anayehudumia wafungwa huko. Kuanzia 2013 alichapisha barua zao wenyewe kwa Kiswahili na Kiingereza, za kuwaonya ndugu nyumbani na kueleza walivyodanganywa. Baadaye alikuja mwenyewe kuzungumza na familia. Kazi ya mwambata wetu ilifanywa na mtu wa dini, kwa stempu.

Kwa Tanga ningependekeza tuwe na waambata wetu wenyewe, na tuanze karibu. Kutoka hapa hadi Horohoro ni mwendo wa saa moja na kidogo, na upande wa pili wa mpaka, Kenya, kuna Lunga Lunga, Vanga na Shimoni. Watu ni wale wale, Wadigo na Wavumba na Washirazi, wanaoana na kuzikana. Mvuvi wa Moa anamjua mvuvi wa Vanga kwa jina la baba. Ofisa wa polisi wa Tanga akikaa Kwale mwaka mzima, na mwenzake wa Kwale akakaa Tanga, kila mmoja akiwa na dawati kituoni na ruhusa ya maandishi, watajua zaidi kuliko mikutano 10 ya Nairobi. Gharama ni nyumba ya kupanga na pikipiki.

Mwambata wetu wa pili awe Muscat. Majahazi ya Makran yanapita karibu na Oman, na Oman kuna maelfu wanaozungumza Kiswahili nyumbani, watu waliotoka Unguja na Pemba na watoto wao, wengi waliopata kazi serikalini baada ya 1970. Nchi gani nyingine ya Ghuba ambako askari wetu anaweza kunywa kahawa na kuzungumza bila mkalimani? Huyo tusimchague kwa cheo, tumchague aliyekulia pwani, anayejua kaskazi inaanza lini na kusi inafunga bahari lini, na anayeweza kukaa barazani saa tatu bila kuuliza swali. Apewe pia mtu wa kumfasiria Kibaluchi na Kifarsi, kwa sababu nyaraka za majahazi haziandikwi kwa Kiswahili, na kwa sababu siku mabaharia wale watakapofika mbele ya hakimu hapa Tanga watahitaji mkalimani, na ni afadhali awepo anayejulikana mapema kuliko kuahirisha kesi mara sita tukimtafuta.

Wote wawili wapewe barua yenye mambo yaliyoandikwa: wanaripoti kwa nani, wanaruhusiwa kuomba nini, na ombi likigusa uhuru wa mtu linapita kwa nani kabla halijatekelezwa. Sheria ya kusaidiana katika makosa ya jinai tunayo tangu 1991, na ya kukabidhiana wahalifu tangu 1965. Barua hiyo iwe na nakala kwa Mwendesha Mashtaka wa Serikali wa mkoa, maana ndiye atakayesimama mahakamani.